Porta Pia: Lango Linaloutazama Mji Wake

Porta Pia ni lango la mji wa Roma lililoanza kujengwa mwaka 1561 kwa amri ya Papa Pius IV, kwa kufuata michoro ya Michelangelo Buonarroti. Liko upande wa kaskazini-mashariki, mahali barabara ya Nomentana inapokutana na ukuta wa kale wa mji. Uso wake uliochongwa kwa ustadi mkubwa haukuelekezwa nje, anakotokea mgeni au adui. Uliwekwa upande wa ndani, ili wenyeji wenyewe wauone. Malango ya miji hayakuwa yakijengwa hivyo, na ugeni huo ndio ufunguo wa kulielewa jengo hili.

Ukuta ambao lango hili limepachikwa ni mkongwe kulipita kwa takriban miaka 1,300. Ulijengwa kwa amri ya Kaisari Aurelianus kuanzia mwaka 271, wakati Roma, baada ya karne nyingi za kujiona haiguswi, ilipoanza kuogopa makabila ya kaskazini. Ni ukuta wa zege na matofali unaouzunguka mji kwa kilomita 19 hivi, wenye minara ya mraba kila baada ya hatua chache. Mwanzoni mwa karne ya 5 Kaisari Honorius aliuongeza kimo. Katika kipande hicho cha kaskazini-mashariki palikuwa na lango lililoitwa Porta Nomentana, likiwa na minara miwili ubavuni, nalo lilitumika kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Katika miaka yote hiyo kazi ya lango la mji ilikuwa ileile: kufungwa usiku na kufunguliwa alfajiri, kutoza ushuru wa mvinyo, nafaka na mifugo, kukagua wageni nyakati za tauni, na kumzuia adui. Mabadiliko makubwa yaliletwa na baruti. Mwaka 1494 Mfalme Charles VIII wa Ufaransa aliingia Italia na mizinga ya shaba iliyokokotwa na farasi na kurusha mipira ya chuma. Ngome zilizotegemewa tangu enzi za mababu zilianguka kwa muda mfupi mno. Ukuta mrefu na mwembamba, uliokuwa fahari ya mji, sasa ulikuwa shabaha rahisi. Wasanifu wa Italia walijibu kwa kuujenga mfupi, mnene na wa mshazari, wenye buruji zilizochongoka pembeni ili mzinga wa buruji moja uweze kufagia uso wa buruji ya jirani. Maarifa hayo yalisafiri mbali. Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593 kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, msanifu kutoka Milano aliyewatumikia Wareno, imetokana na shule hiyohiyo, na pembe zake bado zinaonyesha hesabu za walenga mizinga wa Italia.

Malango nayo yalibadilika. Huko Verona, Michele Sanmicheli alijenga Porta Nuova katika miaka ya 1530 na baadaye Porta Palio, kazi mbili zinazohesabiwa miongoni mwa malango bora ya zama za Renaisansi. Alitumia nguzo nene za mtindo wa Kidoriki na mawe yaliyoachwa na uso wa kukwaruza, ili lango lionekane na nguvu hata kabla ya kujaribiwa. Ukali wote huo ulielekezwa shambani, kwa anayekuja. Porta Capuana ya Napoli, iliyojengwa kuanzia mwaka 1484 na Giuliano da Maiano, ilikuwa imetangulia kwa njia nyingine, kwani ilibana tao la marumaru lenye sura ya tao la ushindi la Kirumi katikati ya minara miwili ya duara. Hata hivyo nayo ilimpa mgeni uso wake mzuri. Hii ndiyo desturi ambayo Porta Pia iliipindua.

Sababu za kuipindua zinaanzia kwenye hali ya Roma yenyewe. Mji ambao zamani ulikuwa na watu karibu milioni moja ulikuwa na wapatao 50,000 tu katikati ya karne ya 16. Wengi wao walisongamana kwenye kona ya mto Tiber, kwa kuwa mifereji ya kale iliyopeleka maji vilimani ilikuwa imekatika. Kati ya nyumba za mwisho na ukuta wa Aurelianus kulibaki eneo kubwa la mashamba ya mizabibu, magofu na bustani za makardinali. Mtu aliweza kuvuka lango la mji na bado akatembea muda mrefu kabla ya kukutana na mtaa wenye watu.

Pius IV, aliyezaliwa Giovanni Angelo Medici huko Milano mwaka 1499, alikuwa papa mpenda ujenzi. Katika miaka sita ya utawala wake, kuanzia 1559 hadi 1565, aliimarisha ngome zilizouzunguka mtaa wa Vatikani na Castel Sant'Angelo, upande ambako majeshi ya Kaisari Charles V yalipenya mwaka 1527 na kuupora mji. Fedha za ulinzi zilikwenda huko. Jaribio la kuzungushia Roma yote buruji mpya, lililoanzishwa na Papa Paulo III, lilikuwa limeshaachwa kwa sababu ya gharama zake. Kwa hiyo kwenye vilima vya mashariki papa hakufikiria sana vita. Alitaka barabara.

Barabara hiyo, Via Pia, ilifuata njia ya kale iliyoitwa Alta Semita juu ya mgongo wa kilima cha Quirinale. Mafundi waliisawazisha, wakaipanua na kuinyoosha kwa zaidi ya kilomita moja na nusu, kutoka kwenye sanamu kubwa za kale za vijana wawili wanaowatuliza farasi hadi ukutani. Tatizo lilikuwa kwamba mstari ulionyooka haukuangukia kwenye Porta Nomentana, iliyokuwa kando kwa hatua kadhaa. Papa akaamua kuifunga Nomentana na kutoboa ukuta mahali mstari ulipoangukia. Maandishi ya Kilatini yaliyochongwa juu ya lango yanayasema haya waziwazi: Pius IV alijenga Porta Pia baada ya kuiondoa Nomentana, na akaipitisha Via Pia kwa kuisawazisha Alta Semita. Barabara ilitangulia, lango likafuata. Kazi ya lango ilikuwa kuikamilisha barabara kwa kitu kinachostahili kutazamwa na mtu anayetembea kutoka Quirinale.

Jiwe la msingi liliwekwa katikati ya mwaka 1561. Michelangelo alikuwa na umri wa miaka 86. Alikuwa bado anasimamia ujenzi wa Kanisa la Mtakatifu Petro, na mwaka huohuo papa alimpa kazi nyingine karibu na Via Pia, ya kugeuza ukumbi wa mabafu ya kale ya Diocletianus kuwa kanisa la Santa Maria degli Angeli. Kuhusu malango hakuwa mgeni. Mwaka 1529, wakati jamhuri ya Firenze ilipojiandaa kuzingirwa, aliteuliwa kuwa msimamizi wa ngome zake, na michoro yake ya siku zile imesalia: buruji zenye makucha, kuta zinazojipinda kama kaa anayejihami, kila mstari umepimwa kwa njia ya risasi. Mtu aliyelijua vizuri hivyo lango la vita hakuchora lango la Via Pia kwa kukosa maarifa ya ulinzi. Alijua alichokuwa anakiacha.

Giorgio Vasari, aliyeandika maisha ya wasanii wa Italia na aliyemfahamu Michelangelo, anasimulia kwamba mzee huyo alimpelekea papa michoro mitatu, yote ya ajabu na mizuri, na papa akachagua ule wenye gharama ndogo kuliko yote. Baadhi ya michoro ya matayarisho imehifadhiwa Casa Buonarroti huko Firenze, na mmojawapo unaonyesha jinsi fikra zake zilivyokwenda. Karatasi ile haina mlango mmoja. Ina milango kadhaa iliyochorwa mmoja juu ya mwingine, kwa chaki nyeusi, kalamu, wino uliokolezwa maji, na rangi nyeupe ya kufuta kilichokataliwa. Tao la duara limefunikwa na kizingiti kilichonyooka. Paa la pembetatu limechorwa juu ya paa la upinde. Mchoraji mwingine angechagua na kuanza karatasi mpya. Michelangelo aliyaacha maumbo yote yapigane hapohapo, na cha kushangaza ni kwamba mapigano hayo yamebaki ndani ya lango lenyewe.

Hilo linaonekana kwa anayesimama upande wa ndani na kuinua macho taratibu. Ukuta ni wa matofali, lakini mlango na nakshi zake ni travatini, jiwe la chokaa la rangi ya maziwa linalochimbwa Tivoli. Uwazi wa mlango si wa duara wala wa mraba. Kichwa chake kimenyooka katikati na kukatwa mshazari kwenye pembe mbili, kama tao lililobonyezwa. Ubavuni kuna nguzo bapa nzito zenye michirizi, zilizoshikamana na ukuta. Kwenye jiwe la kati la juu umechongwa uso wa ajabu, nusu mtu nusu zimwi, unaomtazama apitaye. Juu yake kuna nusu duara iliyozibwa, kana kwamba tao la kawaida lilitaka kuwepo likakatazwa. Juu zaidi, paa la pembetatu limefunika paa lingine la upinde lililopasuliwa katikati, na ncha za upinde huo zimejikunja kama ukili unaosokotwa, zikiwa zimebeba shada la mawe. Hapo kati ndipo palipowekwa bamba la marumaru lenye maandishi. Kila kipande kinafahamika kwa aliyesoma majengo ya Kirumi, lakini hakuna hata kimoja kilichowekwa mahali pake pa kawaida au kwa kipimo chake cha kawaida.

Pande zote mbili za mlango yapo madirisha makubwa, na juu yao fremu za mraba zisizo na uwazi. Ukingo wa ukuta umevikwa meno kama ya ngome. Hata meno hayo hayalindi kitu. Yamepewa mikunjo ya taji la nguzo ya Kiioniki, na juu ya kila moja imewekwa duara ya jiwe, kumbusho la madoa ya duara kwenye nembo ya ukoo wa Medici. Mpiga mishale angejificha nyuma yake kwa shida. Ni ngome ya kuigiza, na Michelangelo alitaka ijulikane hivyo.

Wanahistoria kadhaa wa usanifu wamelinganisha kazi hii na mandhari za jukwaa la tamthilia za karne ileile, ambamo mtaa ulionyooka ulichorwa ukiishia kwenye tao. Ulinganisho huo una nguvu, kwa sababu Via Pia ilitumika hivyo hasa. Wenye bustani walijenga kuta na milango mizuri kandokando yake, na mwishoni mwa karne hiyo mafundi walipopamba kasri la Laterani kwa picha za ukutani, waliichora barabara hiyo ikianzia kwenye sanamu za farasi na kukomea langoni. Papa Sixtus V alipoikata baadaye kwa barabara yake mwenyewe, njia panda ya Quattro Fontane ikawa mahali pa pekee Roma. Leo mtu akisimama hapo na kugeuka pande nne, pande tatu zinampa minara ya mawe ya Misri, na wa nne unampa Porta Pia.

Upo pia mchango wa vitabu. Mwaka 1551 Sebastiano Serlio alichapisha huko Lyon kitabu cha michoro ya milango 50, thelathini ya mtindo wa kukwaruza na ishirini ya mtindo laini, akionyesha namna ya kuchanganya na hata kuvunja kanuni za wakale. Michelangelo hakuhitaji ruhusa ya Serlio kuvunja kanuni, lakini wasomaji waliozoea kurasa zile walikuwa tayari kuuelewa mlango kama uwanja wa ubunifu. Kuanzia hapo wasanifu waliofuata, hadi enzi ya Baroko, walirejea Porta Pia kujifunza namna paa lililopasuliwa na kizingiti kilichokatwa pembe vinavyoweza kuupa ukuta uhai.

Watu wa Roma walilisoma lango kwa njia yao. Ukutani kuna sahani za mawe, na kila moja imezungushiwa utepe wenye nyuzi zinazoning'inia. Simulizi ya mtaani inadai kwamba hizo ni beseni na taulo za kinyozi, na kwamba Michelangelo aliziweka kumkumbusha papa kuwa ukoo wake wa Milano, tofauti na Medici matajiri wa Firenze, ulitokana na vinyozi. Wengine wanaona hapo sahani ya misa na stola ya padri, tafsiri inayolingana zaidi na jengo lililolipiwa na papa. Simulizi ya kinyozi imeishi kwa sababu Warumi walipenda kuwasema mapapa wao kupitia mawe.

Michelangelo alifariki tarehe 18 Februari 1564, na Pius IV alimfuata Desemba 1565. Kazi ilipungua kasi, na kwa karibu karne tatu sehemu ya juu ya lango ilibaki pungufu. Sehemu inayoonekana sasa ilikamilishwa mwaka 1853 na msanifu Virginio Vespignani, naye alijitahidi kufuata ushahidi wa picha za kale. Wataalamu bado wanabishana ni kwa kiasi gani alifanana na wazo la awali. Ukiiangalia kwa makini, sehemu hiyo ina utaratibu mwingi mno, haina ule mvutano unaoonekana mlangoni.

Uso wa nje ulisubiri zaidi. Kwa miaka 300 anayekuja kutoka Nomentana alikutana na ukuta usio na urembo wa maana. Papa Pius IX ndiye aliyemwagiza Vespignani aujenge, na kazi ilifanyika mwaka 1868 na 1869. Ulipewa sura ya tao la ushindi lenye nguzo, pamoja na sanamu za Mtakatifu Agnes na Mtakatifu Alexander, mashahidi waliozikwa kando ya barabara hiyo. Papa alikuwa na sababu ya kuwakumbuka: tarehe 12 Aprili 1855 sakafu ya ukumbi kwenye nyumba ya watawa ya Mtakatifu Agnes iliporomoka akiwa ndani pamoja na watu wengi, akatoka salama. Uso huo ulikaa mwaka mmoja tu kabla ya mizinga kuelekezwa upande wake.

Ufalme wa Italia ulikuwa umetangazwa mwaka 1861, lakini Roma ilibaki mikononi mwa papa chini ya ulinzi wa askari wa Ufaransa. Vita kati ya Ufaransa na Prussia vilipozuka Julai 1870, askari hao waliitwa nyumbani, na baada ya Kaisari Napoleon III wa Ufaransa kutekwa Sedan mwanzoni mwa Septemba hakukuwa tena na mlinzi. Jenerali Raffaele Cadorna alisogea na wanajeshi wapatao 50,000. Jeshi la papa, likiongozwa na Hermann Kanzler, lilikuwa na watu kama 13,000, wakiwemo wageni waliojitolea kutoka nchi za Kikatoliki. Pius IX alimwelekeza Kanzler apigane kwa kiasi cha kuthibitisha kwamba mji umechukuliwa kwa nguvu, kisha asalimu amri.

Alfajiri ya tarehe 20 Septemba mizinga ilianza kufyatuliwa. Mbele ya lango watetezi walikuwa wamejenga kizuizi cha udongo, lakini pigo kuu halikulengwa langoni. Lililengwa kwenye ukuta wa Aurelianus, hatua chache upande wa magharibi. Matofali ya karne ya 3 hayakuwa yamejengwa kwa ajili ya mizinga ya karne ya 19. Kufikia saa nne asubuhi palikuwa na bomoko lenye upana wa takriban mita 30, na askari wa miguu pamoja na bersaglieri, wale wanaojulikana kwa manyoya meusi kwenye kofia, wakaingia. Bendera nyeupe zilipandishwa. Waliouawa pande zote mbili hawakufika 100, lakini utawala wa kidunia wa mapapa, uliodumu zaidi ya miaka elfu moja, ulikoma asubuhi hiyo. Picha maarufu za askari waliosimama kwenye kifusi zilipigwa baada ya mapigano, wakiwa wamepangwa mbele ya kamera.

Tangu hapo jina la lango liliunganishwa na tukio ambalo Michelangelo asingeweza kulifikiria. Kura ya maoni ya Oktoba 1870 iliiunganisha Roma na Italia, na mwaka 1871 mji ukawa makao makuu ya ufalme. Wayahudi wa Roma walipata haki sawa za uraia. Papa alijifungia Vatikani na kujitangaza mfungwa, na mgogoro huo haukumalizika hadi Mkataba wa Laterani wa tarehe 11 Februari 1929. Sehemu kubwa ya Via Pia ilipewa jina jipya, Via XX Settembre, na jengo kubwa la wizara ya fedha likasimamishwa kando yake. Mwaka 1895 tarehe 20 Septemba ilifanywa sikukuu ya taifa, na nguzo yenye sanamu ya Ushindi ikawekwa penye bomoko. Sikukuu hiyo ilifutwa mwaka 1930, baada ya serikali na Kanisa kupatana.

Eneo hilo liliendelea kuvuta siasa. Tarehe 11 Septemba 1926 Gino Lucetti, mwanaanakia, alirusha bomu kwenye gari la dikteta Mussolini katika uwanja wa Porta Pia. Lilidunda na kulipukia nje, likajeruhi watu wanane. Usiku wa tarehe 31 Oktoba 1946 ubalozi wa Uingereza, ulio jirani kabisa na lango, ulilipuliwa na kundi la wapiganaji wa Kizayuni la Irgun. Jengo jipya la ubalozi, lililosanifiwa na Basil Spence, lilifunguliwa mwaka 1971 na linasimama kando ya lango hadi leo.

Ukuta uliokuwa ubavuni mwa lango ulifunguliwa ili magari yapite, kwa hiyo Porta Pia sasa imezungukwa na barabara pande zote. Kati ya uso wa Michelangelo na ule wa Vespignani mna ua mdogo na vyumba ambavyo zamani vilitumiwa na walinzi na watoza ushuru. Tangu mwaka 1932 vimekuwa makumbusho ya bersaglieri, na mbele yake, upande wa nje, ipo sanamu ya askari anayekimbia iliyochongwa na Publio Morbiducci mwaka huohuo.